Kitambaa Ndani ya Mpira

Kila jioni Hidaya na mama yake, Mwanvita, walimwagilia bustani yao ya mboga kule Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Majirani walikuwa wametoka kila upande wa nchi. Bibi Eufrazia alitoka Songea, Mzee Salum Tanga, na fundi Raphael Kigoma. Lakini mboga za pale hazikuwa na kabila. Aliyekosa kitoweo aliingia bustani ya jirani, akachuma fungu moja bila kuomba. Katazo lilikuwa moja tu: tuta lililopuliziwa dawa ya wadudu lilichomekwa mti wenye kitambaa chekundu, na hakuna aliyeligusa.

Jumamosi mama alipulizia dawa tuta la mboga za chainizi. "Hidaya, funga kitambaa sasa hivi," alisema, akaenda kuoga.

Hidaya alikichukua. Kwa bahati mbaya mpira wake wa kuchezea rede, ulioshonwa kwa matambara, ulikuwa umelegea, na rafiki yake Yasmin alikuwa akimwita wakacheze. Akakishindilia kitambaa ndani ya mpira. Nitatafuta kingine baadaye, alijiambia. Baadaye hiyo haikufika.

Kesho yake mchana zilisikika kelele nyumbani kwa Bibi Eufrazia, ambaye aliishi peke yake. Bibi alikuwa amelala mkekani, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, mikono inatetemeka.

"Huyu kapandwa na jini," alisema Mzee Salum.

"Jana alikwenda kuokota kuni mlimani," alisema Raphael. "Wenye mlima wamekasirika. Tumpeleke kwa mganga."

Hidaya alitazama jikoni. Kwenye sufuria kulikuwa na chainizi.

Alikimbia nyumbani. Mpira ulikuwa mlangoni, ncha nyekundu imechomoza kwenye mshono. Aliupiga teke kuelekea mlimani. Ukapanda kidogo, kisha ukaviringika polepole mpaka miguuni pake. Akaupiga tena. Ukarudi tena. Hidaya alijua kwamba pale palikuwa na mteremko, lakini aliogopa kama ambaye hajawahi kuuona. Akauchana, akakitoa kitambaa, akarudi mbio.

"Si jini!" alilia mbele ya watu wote, mama yake akiwemo. "Mama, sikukifunga kitambaa. Bibi amekula mboga zenye dawa!"

Mama yake alikwenda kuchukua chupa ya dawa, na Raphael akambeba Bibi hadi kwenye bajaji. Kwenye zahanati, muuguzi Rahel alisoma maandishi ya chupa, akaanza matibabu, kisha akaagiza Bibi apelekwe hospitali haraka.

Kabla Bibi hajaondoka, muuguzi alimwita Hidaya, aliyekuwa amekuja na mama yake. "Umefanya vizuri kusema. Bila chupa hii tungepoteza muda, na mngempeleka kwa mganga, angefia njiani. Lakini ukikosea, mwanangu, sema saa hiyohiyo. Wakati wote ulionyamaza, Bibi alikuwa anazidiwa."

Kwa siku nne Hidaya alifagia uwanja wa Bibi. Mlango wa nyumba ulipogongwa na upepo, alishtuka na kugeuka. Hakukuwa na mtu.

Siku ya tano Bibi alirudi, amekonda, anatembea na fimbo. Jioni alikuja bustanini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alisimama kando ya tuta la mchicha, ambalo halikuwahi kupuliziwa dawa. Akaunyoosha mkono, akaurudisha.

"Hapa naweza kuchuma?" aliuliza.

Tangu Hidaya azaliwe, hakuna jirani aliyewahi kuuliza swali hilo. Alimchumia mwenyewe, huku machozi yakimtoka.