Mifuko Kumi na Tisa ya Udongo wa Chumvi

— Uko wapi?

— Niko karibu.

— Karibu ya nini, Sévère? Karibu ya Uvira ao karibu ya kufa?

— Runingu, huku bondeni.

Fabiola akafumba macho. Uani kwa baba yake, pale Kimanga mjini Uvira, wajomba walikuwa wamekaa tangu saa tatu wakimngoja huyo mchumba aje kutoa posa. Bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu alfajiri, na kila mwenye akili aliutumia utulivu huo kununua unga. Sévère aliutumia kwenda kuchimba udongo.

— Weye ulisema hii kazi ya chuo inaisha mwezi wa tano.

— Inaisha. Ilibakia mifuko mitano tu. Fabi, ungeona hapa. Chumvi imetoka juu ya udongo, nyeupe kama unga wa muhogo. Hata nyasi haikubali kuota. Lakini ndani bakteria banaishi, kabila mingi mingi.

— Kabila mingi mu udongo moja, na hazipigane?

— Zinapigana. Lakini hakuna yenye inakimbia. Siku moja tutajua ni gani inasaidia mahindi kuvumilia chumvi...

— Na minye, nani ananisaidia kukuvumilia weye?

Simu ikakatika. Fabiola akaandika ujumbe, kidole kikigonga kioo kama nyundo:

"Kesho Papa anavusha familia Burundi na boti. Kama leo saa sita haujafika, minye naenda nabo. Usinifuate."

Jibu likaja upesi:

"Nakuja. Tafazali acha nafasi mu friji."

Akalisoma mara mbili. Friji ile ilikuwa ya biashara yake ya juisi ya tangawizi ya mifukoni. Tangu Sévère aanze kuhifadhi humo udongo wa bondeni na tope la ufukweni, wateja walipukutika. Mmoja alinyonya tope la ziwa hadi nusu ya mfuko, akarudi kulalamika kwamba sukari haitoshi.

Saa sita kasoro kidogo, Sévère akaingia na tope hadi magotini, kasha kichwani. Hakuwa na kinywaji wala mjumbe wa kumsemea. Ndani ya kasha mlikuwa na mifuko kumi na tisa, kila mmoja na karatasi yake: tarehe, mahali, kina.

— Huyu alikuja kuoa ao kujenga? akauliza shangazi Concilie.

Kabla mtu hajajibu, mzee Nizigama, baba yake Fabiola, alikwisha kufungua mfuko mmoja na kuonja kwa ncha ya kidole. Mzee alikuwa amekimbia kwao Nyakabere na ng'ombe wanne, ambao sasa walifungwa pale uani. Kule nyumbani alikuwa akiwapeleka kulamba udongo wa chumvi. Tangu vita vifunge njia, walikuwa wamenuna, na Bihogo, jike lake kubwa, alikuwa akimgeuzia mkia kila anayemsalimia.

Macho ya mzee yakalowa.

— Mwana wangu, ulipita mu vita kuletea ng'ombe zangu chumvi?

Sévère akaitazama mifuko yake, akamtazama Fabiola.

— Ndiyo, Papa.

Mzee akamwaga mfuko wa kwanza kwenye beseni. Bihogo akaulamba. Wa pili. Wa tatu. Midomo ya Sévère ilikuwa ikihesabu bila sauti.

Fabiola alipaswa kufurahi. Mwaka mzima alimwomba achague kati yake na udongo, na sasa alikuwa akichagua, mbele ya ukoo mzima. Lakini hasira ikampanda. Huyu atanioa, akawaza, halafu atakaa nyumbani kwangu na uso wa matanga mpaka uzee.

Mfuko wa tano ulipokwisha, akaingia kati, akaung'oa wa sita mdomoni mwa Bihogo.

— Papa, acha. Anakudanganya. Hakuwaza ng'ombe zako hata dakika moja. Hii iko masomo yake. Anaibeba kama mutoto mugonjwa.

— Fabi, acha, Sévère akasema kwa upole. Nimeshachagua.

— Minye nilikuambia uchague leo? Leo nilikuambia ufike saa tatu.

Wajomba wakakohoa kuficha kicheko. Mzee akafuta mikono polepole.

— Sasa nitoe binti yangu kwa muntu muongo?

— Papa, anadanganya vibaya hivi. Si nitamukamata kila siku?

Mzee akamtazama Sévère, akamtazama Bihogo, ambaye kwa mara ya kwanza tangu vita alikuwa ameelekeza uso kwa watu.

— Mitano imeliwa, akasema. Ng'ombe akishapokea, harudishi. Posa imeingia. Beba hiyo ingine.

Kesho yake walivuka wote, na kasha. Jumamosi, siku ya ndoa, padri wa ng'ambo, aliyekwisha kusimuliwa kisa kizima na Concilie, akaongeza swali lisiloandikwa kwenye kitabu chake:

— Fabiola, unamkubali Sévère na vyote alivyo navyo?

Fabiola akashusha pumzi ndefu.

— Padri, na bakteria zote? Yeye mwenyewe hajue hesabu yake. Lakini ndiyo. Nakubali.