Chumvi Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Tuliseme mapema, tusizungushane: siku ile mpumbavu alikuwa Beom-su. Si kompyuta, si mwalimu, si mtandao, ingawa hadi kufika saa kumi jioni wote hao alikuwa amekwisha kuwashtaki kwa zamu na kuwatia hatiani.

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine zote, kwenye mashine ya bibi yake. Bibi Pyo alikuwa na duka la kusaga mchele nyuma ya soko la mji wa Jecheon. Ilikuwa imebaki wiki moja kufikia sikukuu ya mavuno, na kila nyumba ilitaka unga wa songpyeon, vile vikeki vidogo vinavyokunjwa kwa mkono na kuivishwa kwa mvuke. Watu waliloweka mchele tangu jana yake, wakauleta ndani ya mabeseni, wakayapanga mabeseni sakafuni na kwenda zao sokoni. Beseni ndilo lililopanga foleni. Mwenyewe alikuwa anachagua samaki. Kila beseni lilikuwa na karatasi iliyobandikwa ubavuni, imeandikwa jina la mwenyewe, na wakati mwingine neno moja mawili la ziada.

Kazi ya Beom-su, mwanafunzi wa darasa la sita, ilikuwa kumimina mchele kwenye mdomo wa mashine, kutia kipimo cha chumvi, kukinga unga kwa chini na kurudisha beseni mahali pake. Kazi hiyo angeweza kuifanya akiwa amefumba macho. Siku ile, kusema kweli, ndivyo alivyoifanya, kwa sababu akili yake yote ilikuwa chumba cha nyuma, kwenye kompyuta.

Kwa miaka miwili Beom-su alikuwa bingwa wa programu shuleni. Wakati huo walitumia lugha ya watoto, ile ya kubandika vipande vya rangi kimoja chini ya kingine, naye alitengeneza mchezo wa mbwa anayekwepa matone ya mvua ambao hata walimu waliucheza kwa kujificha. Muhula huu Mwalimu Noh akawaletea lugha mpya. Hii iliandikwa herufi kwa herufi, haina rangi wala mbwa. Timu ya watoto watatu ingekwenda kushindana mjini Cheongju, na wawili walikwisha kupita. Nafasi ya tatu ilikuwa ya Beom-su iwapo angemaliza zoezi la kuingilia kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi hiyo. Akishindwa, angechukuliwa mtoto wa darasa la tano. Hilo la darasa la tano ndilo lililomnyima usingizi.

Na zoezi lenyewe ni aibu kulitaja: kujumlisha namba mbili.

Lilikuwa hivi. Mstari wa kwanza ungetaja idadi ya maswali. Kila mstari uliofuata ungekuwa na namba mbili, na programu ilitakiwa kuzipokea, kuzijumlisha na kutoa jibu. Aliyesahihisha hakuwa mwalimu bali mashine ya shule. Unaituma programu yako, mashine inailisha namba zake yenyewe, inatazama kinachotoka, kisha inaandika SAHIHI kwa kijani au SI SAHIHI kwa nyekundu. Haielezi kosa. Na ubaya zaidi, idadi ya majaribio yako hukaa kando ya jina lako kwenye ukurasa ambao darasa zima linaweza kuufungua.

Majaribio kumi na manne ya kwanza yaliishia mlangoni, kwenye kupokea. Katika lugha ya zamani, kompyuta iliuliza kitu kimoja ukajibu kitu kimoja. Hii mpya ilimeza mstari mzima, "3 4" pamoja na nafasi ya katikati, ikauchukua kama neno moja, halafu ikalalamika kwamba neno hilo si namba. Beom-su aliibadilisha programu juu, akaibadilisha chini, akaipiga meza. Mwisho alifungua daftari, akakuta alichokwisha kuandika mwenyewe wiki iliyopita bila kukielewa: mstari huingia kama furushi, na kulikata furushi ni kazi yako.

Akalikata. Programu ikaenda. Na ilikwenda kwa madaha, kwa sababu Beom-su alikuwa amelelewa dukani. Ilianza kwa kusema, "Karibu sana. Tafadhali andika namba mbili." Akaipa swali moja, tatu na nne. Ikajibu, "Asante kwa kusubiri. Jumla ni 7. Uwe na siku njema." Beom-su akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaituma.

SI SAHIHI.

Akadhani mtandao umekatika njiani. Akaituma tena. SI SAHIHI. Akabadilisha "siku njema" ikawa "sikukuu njema". SI SAHIHI. Akakagua hesabu ya tatu na nne kwa vidole, na ilikuwa saba, kama ilivyokuwa tangu darasa la kwanza.

Saa nane Ga-eul wa darasani kwao aliingia dukani na beseni la mama yake. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita, tena kwa majaribio matatu tu, na hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

"Ishirini na saba," alisema, akiweka beseni chini. "Tunakufuatilia kama mpira wa miguu. Kaka yangu amesema utafika thelathini kabla ya chakula cha jioni."

Beom-su alimwambia kwamba mashine ya shule imeharibika. Ga-eul akauliza kama amelisoma swali mpaka mwisho. Beom-su akasema hajawahi kuona mtu anayesoma kujumlisha mpaka mwisho. Kisha akashusha sauti na kumwomba amwonyeshe programu yake, aichungulie mara moja tu. Ga-eul alikataa. Mwalimu Noh alikwisha kusema kwamba anayeonyesha na anayeonyeshwa wote watabaki nyumbani.

"Nakuhurumia," alisema akielekea mlangoni, "lakini si kiasi hicho."

Beom-su akamwandikia mwalimu ujumbe mrefu, wenye heshima nyingi, kwamba mashine ya kusahihisha ina kasoro na inafaa ifanyiwe matengenezo. Jibu lilikuja upesi: wenzake wawili wamepita kwenye mashine hiyo hiyo, asome swali.

Alirudi kwenye mabeseni akiwa amevimba kama unga wa chachu. Akamimina, akatia chumvi, akakinga. Akamimina, akatia chumvi, akakinga. Ilipofika saa kumi alikuwa anarudisha beseni la Mama Tae-o mahali pake, limejaa unga mweupe kama theluji, ndipo jicho lake likaanguka kwenye karatasi. Chini ya jina palikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari mara mbili: *Bila chumvi, tafadhali. Ni wa baba mkwe.*

Baba mkwe huyo Beom-su alimfahamu. Mzee alilazwa hospitali kwa presha majira ya kuchipua, na tangu atoke alipita dukani na mkongojo wake kulalamika kwamba chakula cha nyumbani siku hizi kina ladha ya karatasi.

Beom-su alisimama na beseni mkononi. Unga ni mweupe na chumvi ni nyeupe. Hakuna ambaye angejua, angalau si leo. Tena saa ilikuwa inakimbia, na darasa la tano lilikuwa linangoja. Aliliweka beseni chini. Akalinyanyua tena, akalipeleka kwa bibi yake.

Bibi Pyo hakugomba. Alizima mashine. Akasema mwenye unga yuko njiani, kwa hiyo ataambiwa na aliyeutia chumvi.

Mama Tae-o aliingia na mfuko wa mapeasi. Beom-su aliinama mpaka kiunoni, akaeleza.

"Karatasi hukuiona?" aliuliza Mama Tae-o.

"Niliiona, mama. Nilisoma jina tu."

"Na chumvi ukaitia kwa nini?"

"Kila mtu huwa anatiliwa. Nilidhani ndivyo vizuri."

Mama Tae-o aliuweka mfuko chini. Hakukasirika sana, alikuwa amechoka tu, kama watu wanaouguza. "Mwanangu, mimi nimeleta mchele, nikaandika ninachotaka kitoke. Ulichoongeza wewe, hata kingekuwa asali, kwangu ni sumu."

Bibi Pyo alisema atampa mchele wake mwenyewe, uliokwisha kulowekwa kwa ajili ya sikukuu ya nyumbani, na ule wenye chumvi watakula wao. Ila mashine ilikuwa na chumvi ya siku nzima, hivyo ilibidi ioshwe kwanza. Hakusema nani ataiosha. Alimpa Beom-su brashi.

Kuyasugua magurudumu mawili ya mawe yanayosaga mchele kulichukua muda wa saa nzima. Maji yalimwingia mikononi mpaka viwikoni, naye alikuwa akinung'unika kimoyomoyo: kila mtu huwa anatiliwa, kila mtu huwa anatiliwa, sasa mimi ningejuaje. Alipoirudia mara ya tano, brashi ilisimama.

Mtu ameleta mchele wake. Ameandika anachotaka kitoke. Yeye amesoma jina, akatia mazoea yake mwenyewe, halafu akashangaa kukataliwa. Mbona hadithi hii alikwisha kuisikia leo, tena mara thelathini na mbili?

Hakukimbilia kompyuta. Alitamani, miguu ilimwasha, lakini Mama Tae-o alikuwa amekaa kwenye kigoda akimngoja. Alimaliza kusugua, akafuta, akasaga ule mchele mwingine, akaonja unga kwa ncha ya ulimi mbele ya mwenyewe kuhakikisha hauna chumvi, akaufunga vizuri na kuinama tena. Saa ilisema kumi na moja na dakika thelathini na tano.

Ndipo akaenda chumba cha nyuma na kulisoma swali. Safari hii alilisoma hadi neno la mwisho, na neno la mwisho lilikuwa hili: *Toa jumla peke yake, moja kwa kila mstari. Usiongeze neno lolote.* Lilikuwepo tangu asubuhi, limetulia pale chini kama karatasi kwenye ubavu wa beseni.

Akafuta "Karibu sana". Akafuta "Tafadhali". Akafuta "Asante kwa kusubiri" na "sikukuu njema", na kila moja lilimuuma. Akatuma. SI SAHIHI. Alikuwa ameacha "Jumla ni", maana kumtupia mtu namba tupu aliona ni utovu wa adabu. Alikaa akilitazama lile neno, akavuta pumzi, akalifuta nalo.

SAHIHI. Kijani, saa kumi na moja na dakika arobaini na nane, jaribio la thelathini na nne.

Ujumbe wa Ga-eul ulifika kabla hajainuka kitini. Alimwarifu kwamba thelathini na nne ni rekodi ya shule, na kwamba Jumatatu waanze mazoezi pamoja. Mwalimu Noh aliandika neno moja tu, karibu, na Beom-su akaona kwamba mwalimu anaruhusiwa kulisema.

Jioni walifagia duka pamoja, yeye na bibi yake, na akamsimulia yote. Ungetarajia kwamba baada ya siku kama hiyo angenyamaza. Lakini Beom-su alikuwa Beom-su. Alikubali kwamba ya chumvi ni makosa yake, na kwamba karatasi zote atazisoma kuanzia leo, iwe za mabeseni au za maswali. Ila la kompyuta bado lilimkereketa. Kosa lake pale lilikuwa nini hasa, alisema, kama si adabu? Mashine gani hiyo inayomwadhibu mtu kwa kusema karibu na asante?

"Tena aliyenifundisha ni wewe, Bibi," alisema, akiegemea ufagio kama wakili aliyeshinda kesi. "Tangu nina miaka mitatu unaniambia nisimpe mtu kitu bila salamu."

Bibi Pyo alikung'uta unga kwenye aproni yake, akazima taa ya juu ya mashine.

"Nilikufundisha kuwasalimia watu mlangoni," alisema. "Sikukufundisha kuwasalimia ndani ya unga."