Mchanga wa Tayamamu

Aqsa mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki, Jumanne moja ya Novemba 2022, kwa jirani yake Nthoki, wakianua nguo nyuma ya nyumba zao Kaloleni. Alimsimulia mara moja tu, tena kwa kukatakata, na Nthoki alipokipitisha kwa jamaa zake mwenyewe hakuongeza neno.

Mwanzo wake ni tangi la samaki. Hanif, mumewe Aqsa, ni fundi wa vioo Kariobangi, na Juni ya mwaka huo alimtengenezea tangi binti yao Abrar, aliyekuwa na miaka sita. Samaki walikuwa wanne, wa rangi ya chungwa. Hanif alitaka chini kutandazwe mchanga, maana samaki wa aina ile huchimbua kwa midomo, na kokoto huwakwama kooni.

"Osha mpaka maji itoke safi," alimwambia Aqsa. "Vumbi ikibaki kidogo tu, hiyo tangi itakuwa chai."

Aqsa aliuchota mchanga kwenye rundo la ujenzi kando ya barabara, saa sita, jua likiwa utosini, na hakusema bismillahi. Aliuosha kwa ndoo kumi na moja za maji, na ya kumi na moja yakatoka meusi kama ya kwanza. Akachoka, akaumimina tangini vivyo hivyo.

Kesho yake maji yalikuwa yametulia. Juu ya mchanga palikuwa na alama mbili za viganja, vidole vimetanuka, kama za mtu aliyejiinua kutoka chini.

"Abrar, umetia mikono humu?"

"Sifiki, Mama. Ni yule wa ndani."

Samaki wawili hawakuonekana. Hanif alipochimbua aliwakuta wamezikwa, midomo imejaa mchanga.

"Toa hii takataka," alisema. "Tafuta mchanga mwingine, ama hawa wawili nawarudisha sokoni."

Abrar akalia siku nzima.

Mchanga mwingine ulikuwamo mle mle nyumbani. Bi Lela, mamake Hanif, alikuwa kitandani mwaka wa pili. Macho yalikuwa yamefifia, na ngozi yake ilipasuka kila ilipoguswa na maji, kwa hiyo alitayamamu badala ya kutawadha. Ndugu yake alikuwa amemletea kutoka Siyu sinia zima la mchanga mweupe, mlaini kama unga. Mara tano kwa siku aliupiga kwa viganja akajipaka uso, akaupiga tena akajipaka mikono hadi viwikoni.

Aqsa aliibadilisha michanga hiyo. Alimwambia Nthoki kwamba hakufanya kwa chuki, alifanya kwa uvivu. Ule mweupe aliuosha mara tatu ukatakata, akamwaga mferejini vumbi lake lote, vumbi lile lile ambalo bila hilo tayamamu haisihi. Ule wa tangini akauanika juani, kisha akauweka siniani.

Adhuhuri Bi Lela alipiga viganja, akasita.

"Aqsa, mwanangu, mbona una unyevunyevu?"

"Ni baridi ya Julai, Mama."

"Na unanuka kisima kilichofukiwa."

"Ni ule ule, Mama."

Bi Lela akacheka. "Basi ni pua yangu inayozeeka. Wewe utanidanganyia nini mimi?" Akajipaka uso.

Tangu siku ile, kila adhuhuri, jua likiwa kali na watoto wa jirani wakicheza nje, ulisikika chumbani mwake mkwaruzo, kama kijiko kinachokomba sufuria. Mchanga ukaonekana kwenye wali, kisha kwenye mto wa kulalia, kisha kwenye pembe za macho ya Bi Lela, na kila Aqsa alipoufuta ulitoka mwingine, mweusi, wa baridi, wenye harufu ya kisima, ukimtiririka mzee yule mashavuni kama machozi, naye akiomba kwa upole afutwe tena, na afutwe tena, mpaka siku ya tisa alipomshika mkwewe kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, akamwambia kwa sauti nzito isiyo yake: "Mkazamwana, waambie uliniokota wapi."

Hanif alimleta Mwalimu Idarusi wa Pumwani. Mwalimu alisoma toka asubuhi, na kile kilichokuwa ndani ya Bi Lela kikamcheka. Karibu na adhuhuri Mwalimu aliinua kichwa.

"Jini huyu anasema ameletwa. Aliyemleta akikiri hapa, na mgonjwa akamsamehe kwa kinywa chake, atatoka kabla sijafunga msahafu. Asipokiri, atakaa hadi mwili huu uishe."

"Ni nani?" Hanif alinong'ona. "Nikimjua aliyemfanyia mama yangu hivi, wallahi halali nyumbani mwangu hata siku moja, na mtoto hamwoni tena."

Aqsa alikuwa amemshika Abrar mkono. Alijua Hanif hatanii.

"Sijui," alisema.

Mgonjwa akacheka kwa sauti ile nzito, muda mrefu. Kisha kicheko kikakatika, na ikaja sauti ya Bi Lela mwenyewe, nyembamba, ya kuishiwa pumzi.

"Aqsa, mwanangu. Sema tu. Mimi nimeshakusamehe moyoni, lakini lazima useme."

Hanif akageuka. "Anaongea nini, Aqsa?"

"Ni huyo jini, Baba Abrar. Anataka kutugombanisha."

Bi Lela alimtazama kwa macho yasiyoona. Akafungua kinywa kutaka kusema tena, na badala ya neno ukatoka mchanga, kidogo kidogo, kisha kwa wingi, ukajaa kifuani na shukani, na Mwalimu akimchokoa kinywa kwa vidole na Hanif akilia "Mama! Mama!" yeye akakoroma mara mbili, akafa. Waliomwosha maiti walibadilisha maji mpaka alasiri, yakaendelea kutoka meusi. Walimvika sanda hivyo hivyo.

Siku ya arobaini, Aqsa alimkuta Abrar amekaa sakafuni mchana. Hakukuwa na mchanga mbele yake. Alipiga viganja saruji tupu, akajipaka uso, uso ukawa mweusi.

"Mkazamwana," alisema kwa sauti nzito. "Bado hujasema?"

Aqsa alikimbia Pumwani, akamweleza Mwalimu kila kitu huku amemshika miguu. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Msamaha ulikuwa wa marehemu," alisema. "Alikupa, ukamwita jini. Mimi sina cha kukupa."

Bi Lela yuko makaburini Kariokor. Mwalimu Idarusi alifariki Ramadhani ya mwaka 2024. Nthoki yu hai. Hanif yu hai, na mpaka leo hajui. Aqsa yu hai. Kila jioni, kabla mumewe hajarudi kutoka kazini, humfuta binti yake mchanga machoni. Abrar yu hai, ana miaka tisa, na sauti yake ya utotoni huja mara moja moja, kuomba afutwe tena.