Kimio cha Mtoto wa Talatu

Talatu akisonga tuwo, ugali wa kwao, vidole vyake hupinda nyuma kama majani mabichi ya mtama. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Kano, wanawake humtania. Humwambia kwamba Mungu alimfinyanga vizuri, akasahau kumchoma. Yeye hucheka nao. Lakini magoti yake huteguka akibeba maji, na mtu akimshika mkono kwa nguvu kidogo, kesho yake pana alama nyeusi.

Mumewe, Sabitu, hushona makubazi ya ngozi. Kwa ajili ya yale maumivu ya magoti, kila siku alimnunulia mkewe aspirini kwa mchuuzi wa dawa. Mbili asubuhi, mbili jioni. Hakuna daktari aliyewaandikia. Sabitu aliona anamtunza mke wake.

Talatu akajifungua mtoto wa kiume. Damu ilichukua muda mrefu kukoma, wakunga wakahangaika naye, ila alipona.

Siku ya tano, nesi Ladidi alikuja kumjulia hali. Alimkuta Inna Delu, mama yake Sabitu, akipanga mambo ya siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina. Kondoo alikwisha nunuliwa. Malam Tanko, kinyozi wa jadi, alikwisha pewa taarifa. Angemnyoa mtoto nywele, kisha angemkata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Inna Delu alisema watoto wote wa nyumba hii wamekatwa. Asiyekatwa, kimio humvimba kikamkaba.

Ladidi aliziona alama nyeusi mikononi mwa Talatu. Akamuuliza taratibu. Talatu akamweleza juu ya fizi zinazotoka damu, na siku zake za mwezi zinazomwacha hoi. Hata Asabe, binti yao wa miaka minane, ana vidole vinavyopinda.

"Na Asabe alipokatwa kimio?" Ladidi akauliza.

Talatu akamtazama mama mkwe wake. Inna Delu akasema kila mtoto hutoka damu, hilo si jambo la kuulizana. Ladidi hakubishana. Aliomba Malam Tanko aitwe.

Mzee alikuja na mkoba wake wa visu. Babu yake alinyoa wapanda farasi wa mfalme, naye huwa hasahau kulitaja hilo.

"Binti," alisema, "nilianza kukata vimio kabla mama yako hajaolewa. Umekuja kunifundisha kushika kisu?"

"Hapana, Malam. Nimekuja kuuliza. Asabe alitoka damu kwa muda gani?"

Tanko aliketi.

"Siku mbili," akasema. "Nilimpaka majivu, nikampaka unga wa magome. Damu haikukoma. Siku ya tatu ilipokoma, nilikwenda msikitini nikalia. Sikumwambia mtu."

Sabitu, aliyekuwa pembeni akishona, aliweka chini kubazi lake. Asabe alipokatwa, yeye alikuwa safarini akiuza bidhaa zake.

"Mama, uliniambia alikuwa na homa."

Inna Delu akaanza kukunja nguo za mtoto.

Ladidi akaliokota lile kubazi. "Sabitu, ukishona ngozi iliyooza kwa uzi mzuri, nini hutokea?"

"Uzi utashika. Ngozi itachanika."

"Basi sikiliza. Ndani ya mwili mna nyuzi ngumu zinazoshikilia ngozi, viungo na mishipa ya damu. Katika familia nyingine watu huzaliwa na nyuzi dhaifu. Viungo hulegea, mishipa hupasuka upesi. Tena kwenye damu mna chembe ndogo sana, huitwa chembe sahani. Mshipa ukitoboka, hukimbilia pale, hujishika kwenye zile nyuzi na kuziba tundu. Nyuzi zikiwa dhaifu, chembe hazipati pa kujishika. Na baadhi ya watu hawa, hata chembe zenyewe ni vivu."

"Lakini Talatu alipimwa kliniki akiwa mjamzito," Sabitu akasema. "Waliniambia chembe zake zinatosha."

"Walizihesabu. Kuzihesabu si kuona zinavyofanya kazi. Unaweza kuwa na mafundi ishirini kibandani, wote wamelala. Na hiyo aspirini unayomnunulia ndiyo inayowalaza."

Sabitu aliinamisha kichwa. Ladidi akamwambia hana hatia, maana hakujua. Kuanzia leo Talatu aiache, na dawa za maumivu za jamii yake. Atumie parasetamoli kwa kipimo, mpaka amwone daktari.

"Na huyu mdogo?" Talatu akauliza, akimkumbatia mtoto.

"Huenda amerithi, huenda hakurithi. Hatujui, kwa hiyo kisu kisimguse. Na hata asiyerithi hana haja ya kukatwa. Kimio si ugonjwa."

Hapo Inna Delu akasimama. "Mjukuu wangu wa kwanza wa kiume, abaki na kimio kama ndama? Watu watasema nini?"

Malam Tanko alikuwa akifunga kamba ya mkoba wake.

"Watakaosema waje kwangu, Delu," akasema. "Kisu ni changu."

Siku ya saba mtoto alinyolewa polepole, kwa wembe mpya. Akaitwa Lawali. Malam Tanko alimfungua kinywa, akachungulia, akakifunga. Wageni walinong'ona, kisha wakaletewa nyama, wakanyamaza.

Baadaye Talatu na watoto walipelekwa hospitali kubwa. Daktari akathibitisha udhaifu wa nyuzi kwa Talatu na Asabe. Lawali atachunguzwa akikua. Talatu alipewa kadi, na Asabe yake: wanavuja damu kwa urahisi, wasipewe aspirini, waulizwe kabla ya upasuaji au kung'olewa jino. Malam Tanko naye ameacha vimio. Hunyoa tu, na akisikia mama wa mtoto huvuja damu, humtuma kwa Ladidi.

Mwaka uliofuata Asabe aliota jipu kwenye jino. Sabitu alitoa kadi kabla daktari wa meno hajagusa chochote. Daktari akaandaa dawa ya kusaidia damu kuganda, akang'oa, akashona, akawaweka hapo mpaka aridhike.

Nyumbani, Inna Delu alimkalisha Asabe kwenye mkeka. Alishika kitambaa cheupe, akamfuta midomo kila mara, akikitazama kama kina damu. Ikafika alasiri. Kitambaa kilikuwa cheupe bado. Bibi akakikunja, akataka kumwambia Asabe aende akacheze.

Asabe alikuwa amekwisha toka.