Kiu ya Wale Watatu

Mtungi ulianza kunuka dizeli siku ya Jumanne. Helena alidhani harufu imetoka kwenye ndoo ya kuazima. Akayamwaga maji, na kumwaga maji pale Mkunya si jambo dogo, maana wanawake huteremka bondeni kuyafuata tangu jogoo la kwanza.

Alhamisi, mtungi alioujaza asubuhi ulikuwa nusu kufikia adhuhuri. Ijumaa ukakauka kabisa, na Julia, binti yao mdogo, akalia kwa kiu mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ukuta ukagongwa. Mara tatu.

Bartholomayo, mumewe Helena, aliujua mlio ule. Mwaka uliopita, vitani Uganda, alikuwa dereva wa kifaru. Mle ndani, mwenye kiu aligonga chuma mara tatu. Siku ya mwisho waligonga wote: January, Adolf na Modest.

"Kimbia kijitoni, dereva! Tumekauka kama makopa ya muhogo!"

Alikuwa akijaza chupa zao kombora lilipokipiga kifaru.

"Baba Julia," Helena alinong'ona aliposimuliwa kisa hicho, "ama watoke wao, ama mimi na mtoto twende kwa mama, Masasi."

Mganga, Bi Bertila, aliitwa kutoka Makote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waite kwa majina. Wakiitika, sema huwajui. Hawatarudi tena."

"Na kama ni wenyewe kweli?"

"Majini huvaa sauti za wafu, mwanangu. Rafiki yako hawezi kunywa maji ya mtoto."

Bartholomayo akaita. "January!" Ukuta ukagongwa. "Adolf!" Ukagongwa tena, karibu zaidi. Alipoita jina la tatu joto lilipanda chumbani, harufu ya dizeli na ya nywele zilizoungua ikawajaa puani, Julia akanyamaza ghafla kifuani mwa mama yake huku macho yamemtoka, na kutoka ndani ya mtungi mkavu, bila hasira, kwa utani uleule wa jeshini, sauti ya Modest ikasema, "Umechelewa sana, dereva. Maji yetu yako wapi?"

Bartholomayo akamtazama mtoto.

"Siwajui," alisema.

Kisha nyayo za watu watatu zikatoka mlangoni polepole, kama za wageni waliofukuzwa kabla ya kula.

Jioni Helena alirudi kutoka bondeni na ndoo. Julia akanywa mpaka akacheua. Maji hayakunuka kitu.

Bartholomayo alisubiri mkewe aende jikoni, kisha akauinamia mtungi uliojaa.

"Modest?" aliita kwa sauti ndogo.

Maji hayakutikisika.