Karatasi ya Siku ya Kumi na Moja

"Soma mwenyewe," seremala alisema, akisukuma karatasi hadi kwenye cherehani ya mchumba wake. "Nimepima jana. Sina virusi vya UKIMWI. Tufunge ndoa, roho yako itulie."

Fundi cherehani akasoma. Hasi. Harusi ilikuwa wiki mbili mbele.

"Na yule mwanamke?"

"Mpenzi, yule tuliachana mwaka jana."

Simu ya seremala ikalia mezani. Ujumbe ukajitokeza kwenye kioo: *Tangu Jumamosi ile umenikaushia. Ndiyo nini sasa?*

"Jumamosi ipi?"

Seremala akaigeuza simu kifudifudi.

"Nimekuuliza, Jumamosi ipi?"

"Jana ilikuwa siku ya kumi na moja tangu nilale naye," akasema, macho chini.

Mchana huohuo walikuwa mbele ya muuguzi, mama mtu mzima asiyepindisha maneno.

"Kipimo hiki kinatafuta kinga ambayo mwili huitengeneza baada ya virusi kuingia," alisema. "Hiyo huchukua wiki kadhaa. Siku ya kumi na moja kinaweza kusoma hasi na virusi vimo. Kwani hukuulizwa?"

"Niliulizwa kama nilijiweka hatarini karibuni."

"Ukajibuje?"

"Nikasema hapana."

Fundi cherehani akaikunja ile karatasi.

"Dawa za kuzuia je?" akauliza.

"Huanzwa ndani ya siku tatu. Amechelewa. Mmelala pamoja tangu hapo?"

"Hapana. Alisingizia mgongo."

"Afadhali. Apime tena wiki ya sita, kisha miezi mitatu ikitimia. Katikati asijiweke hatarini tena."

Harusi ikaahirishwa. Shangazi wakanuna, majirani wakapata la kutafuna. Fundi cherehani akashona tu nguo za watu, usiku akilala usingizi wa mang'amung'amu, nusu macho.

Wiki ya sita, ujumbe wa seremala ukaingia: *Hasi. Ila bado sijatoka hatarini.*

Akajibu: *Nakuombea.*

Miezi mitatu ilipotimia walikaa pamoja, magoti yakikaribia kugusana. Muuguzi akageuza karatasi.

"Hasi. Haya sasa ndiyo majibu."

Seremala akalia kama mtoto. Walipofika nje akamshika mkono.

"Tupange tarehe, mpenzi."

Fundi cherehani akautoa mkono taratibu.

"Ningekuacha mapema, ungedhani nakimbia virusi. Ungekutwa navyo ningekaa nawe, umeze dawa, tuishi. Nimesubiri ili ulijue hilo."

"Sasa shida nini?"

"Ulimdanganya mpimaji, ukaniletea karatasi nikuamini nayo. Uhai wangu, baba. Ulikuwa tayari kuuweka hatarini."

Fundi cherehani akavua pete ya uchumba, akamwekea kiganjani, akaenda kazini.