Kioo Kilichozuia Ndege

Asubuhi hiyo nyumba nzima ilikuwa tumbo joto. Baba alipiga pasi ovaroli yake mara mbili, akasahau chai mezani hadi ikapoa, akauliza ni saa ngapi ilhali saa alikuwa ameivaa mkononi. Alikuwa fundi wa ndege katika shirika dogo lenye ndege nne tu, na siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja. Shirika lilikuwa limeomba kujiunga na muungano wa mashirika makubwa ya dunia. Likikubaliwa, abiria wa mji wao angekata tiketi moja tu na kufika ng'ambo bila usumbufu. Likikataliwa, meneja alishasema wazi kwamba mafundi wangepunguzwa.

Binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye darasa zima lilimwita Wakili kwa kupenda kubishana, naye hakukalika. Shuleni kulikuwa na mdahalo juu ya jambo hilo hilo, na yeye alipangwa upande wa kutetea. Hoja alikuwa nazo, ila alitaka kitu cha kuonyesha. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti la kazi la baba lililotundikwa mlangoni, akatoa kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile ambacho mafundi hukitumia kuchungulia nyuma ya mabomba ya injini. Kuomba hakuomba, maana alijua angekataliwa. "Nitakirudisha mchana," alijiambia, akakitumbukiza kwenye begi.

Mdahalo ulichangamka kwelikweli. "Wakubwa watatumeza!" alifoka mpinzani wake, msichana waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. "Watatupangia safari, halafu waseme miji midogo haina faida. Bibi yangu atafikaje hospitali?"

Wakili akainua kioo juu. "Na tukibaki peke yetu, nani huko duniani atajua kwamba mafundi wetu wanaangalia hadi nyuma ya mabomba?"

Alipigiwa makofi, lakini hakuyafurahia. Kila alipokitazama kile kioo, alikumbuka kwamba hakukiomba. Masomo yalipokwisha saa saba, alichanja mbuga hadi uwanja wa ndege.

Shangazi yake, aliyefanya kazi kwenye kaunta ya tiketi, alikuwa amezingirwa na abiria wenye hasira.

"Shikamoo, shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Afadhali usiulize. Ndege ya saa nne mpaka sasa iko chini. Kioo cha fundi hakionekani, na kifaa kikipotea ndege haiondoki, huenda kimesahaulika ndani ya injini. Wanaifungua yote, na wakaguzi wamesimama palepale wanaandika."

"Baba je?"

"Baba yako ndiye aliyekitumia mwisho. Amepekua hata mifuko ya koti, hamna kitu."

Akakigusa kioo ndani ya begi. Kama asingekichukua, baba angekikuta mfukoni asubuhi ileile.

Akazunguka nyuma hadi karakana. Mlangoni palikuwa na toroli la vifaa. Hakuna aliyemwona. Angekiweka chini ya toroli, mtu angekiokota, na mambo yangekwisha. Akainama, kioo kikagusa sakafu. Hapo akamwona baba ameingiza mkono ndani ya injini hadi begani, jasho linamchuruzika, anatafuta kitu ambacho hakimo. Alishindwa kuvumilia. Akakiokota kioo, akajikaza, akatembea hadi kwenye ndege.

"Baba, ninacho mimi. Nilikitoa kwenye koti lako bila kukuambia."

Mafundi wote wakageuka kumtazama. Kisha mkuu wa mafundi akacheka kwa sauti. "Loo! Kumbe ni utundu wa mtoto tu! Mama mkaguzi, yamekwisha hayo, funga daftari."

Baba alijifuta mikono taratibu. "Hayajaisha, mkuu. Mtoto amekosa, na nitazungumza naye. Lakini fomu ya jana jioni inasema kioo kilirudishwa kwenye ubao wa vifaa. Niliyetia sahihi ni mimi. Sikuangalia, niliandika kwa mazoea."

Mkuu alimkanyaga mguu, lakini baba alishasema. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliiomba ile fomu, akaisoma, akaandika kwa muda mrefu. Wakili alitamani ardhi impasukie. Alihisi amelizamisha shirika zima peke yake.

"Binti," mkaguzi alisema hatimaye, "tukijiunga na ninyi, abiria aliyekata tiketi kwetu atapanda ndege iliyotengenezwa na baba yako. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa na fomu yake tu." Akamgeukia baba. "Kosa lako nimeliandika. Hutatia sahihi tena mpaka upate mafunzo upya. Nimeandika pia kwamba mlizuia ndege kwa ajili ya kioo, na kwamba ulisema kweli hata ulipopewa nafasi ya kunyamaza. Uamuzi ni wa wakubwa wangu, ila mimi nitawashauri wawakubali."

Mafundi wakaanza kuifunga injini. Baba alimshika binti yake mkono, wakaelekea ukumbi wa abiria.

"Baba, nilitaka kukiacha chini ya toroli," Wakili alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilishakiweka kabisa."

Baba alisimama. "Ungekiacha, tungefunga injini tukicheka, na kesho ningetia sahihi tena bila kuangalia. Siku moja kingebaki ndani kweli. Mwanangu, mtu anayekuamini hawezi kukufuata kila unapokwenda. Ndiyo maana lazima useme kweli mwenyewe, hasa kama hakuna aliyekuona."

Wakili aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya mlango zilisikika sauti za abiria wakilalamika.

"Haya, futa machozi," baba alisema. "Wamekaa humo kwa muda wa saa nne kwa ajili yetu. Twende tukawaombe radhi."

Akasukuma mlango, wakaingia pamoja.